Sura ya Tano: Maskini Mwenye Chombo

Ramadhani inapokaribia, pale barazani baada ya sala ya alasiri, swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. "Shekhe, fulani ana nyumba ya matofali, zaka inamfaa?" "Yule ana ngalawa yake mwenyewe, nimpe?" "Dada yangu ana mume na mume ana kazi, ila hali naiona si nzuri. Nikimpa, itahesabika?" Muulizaji fedha ameshazitenga. Hesabu ameipiga, pengine mara mbili. Asichokijua ni mlango gani agonge.

Akikosa jibu hufanya lililo jepesi. Anavunja fedha ziwe noti za elfu mbili, anafungua geti siku ya Ijumaa, na foleni inajipanga juani. Mwaka mmoja nilimsindikiza mama mmoja wa mtaani kwetu kwenye foleni ya namna hiyo. Tulisimama tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na alichorudi nacho, ukitoa nauli, kilitosha kilo moja ya unga. Njiani hakusema neno. Jirani yake, mvuvi ambaye nyumbani kwake chungu kilikuwa hakijawekwa jikoni tangu juzi, hakwenda kabisa. Alisema foleni ile ni ya maskini, na yeye ana chombo.

Aliyekosea hapo ni nani?

Mali yenye wenyewe

Tuanze na maneno, maana mengi huchanganyika hapo. Katika Kiswahili cha kila siku, sadaka ni chochote unachotoa kwa ajili ya Mungu. Zaka ni ile ya lazima. Inamwajibikia Mwislamu mwenye nisabu, yaani kiwango cha mali ambacho mtu akikifikia huhesabiwa kuwa anacho. Kwa dhahabu, nisabu ni kama gramu 85. Fedha taslimu hupimwa kwa thamani hiyo au ya fedha nyeupe. Ikitimiza mwaka wa Kiislamu, hutoka asilimia 2.5. Mazao, mifugo na zakatulfitri vina hesabu zao.

Sadaka ya hiari ina uwanja mpana. Mpe jirani yako Mkristo, changia msikiti, mwagia maji mti wa njiani, lisha paka. Zaka haina uhuru huo. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba imewataja wanaopewa, ikawahesabu, ikafunga mlango. Kiarabu cha aya hiyo kinatumia neno lenye asili moja na "sadaka" yetu, na ndiyo maana wasomaji wengine hudhani inazungumzia msaada wowote. Wanazuoni wamekubaliana kwamba inakusudia zaka. Makundi ni manane:

1. mafakiri
2. maskini
3. wanaoitumikia zaka kwa kuikusanya na kuigawa
4. wanaotiwa nguvu nyoyo zao katika Uislamu
5. watumwa, kwa ajili ya kukombolewa
6. wenye madeni
7. walio katika njia ya Mwenyezi Mungu
8. msafiri aliyekatikiwa na njia

Kwa hiyo mwenye mali anapotoa zaka hajamfadhili mtu. Ile asilimia mbili na nusu ilikuwa ya wenzake tangu mwaka ulipotimia, na yeye ameishika tu mpaka awafikishie. Ukilipokea jambo hivyo, huwezi tena kuwapanga wenye mali yao juani.

Katika sura hii nitafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafii, kwa kuwa ndiyo yanayofuatwa na wengi wa mwambao wetu. Madhehebu ni njia ya wanazuoni ya kuifahamu sheria. Pale njia nyingine inaposema tofauti kwa jambo linalotugusa, nitataja.

Hesabu ya kumi

Kwetu "fakiri" na "maskini" ni karibu neno moja. Aya imeyatenga, na wanazuoni wakauliza tofauti yake ni nini.

Jibu la Washafii linatoka baharini. Katika Sura ya Kahf, Nabii Musa anafuatana na mja mwema ambaye wengi humwita Khidhri. Wanapanda chombo, na Khidhri anakitoboa. Musa anashtuka. Baadaye, katika aya ya 79, anaelezwa sababu: chombo kile kilikuwa mali ya maskini wanaofanya kazi baharini, na kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Kikiwa na tundu, kingesalimika. Wanazuoni wakasimama kwenye neno moja hapo. Watu hawa wana chombo, tena chombo ambacho hata mfalme anakitamani, na bado Qur'ani imewaita maskini.

Basi kumbe mtu anaweza kuwa na mali na akawa maskini. Washafii wakaiweka sawa kwa mfano wa kumi. Tuseme mahitaji ya mtu na wanaomtegemea ni kumi. Akiwa hana kitu, au anapata mbili au tatu, huyo ni fakiri. Akipata saba au nane, huyo ni maskini. Kamili hakufika, na ile iliyopungua ndiyo haki yake katika zaka. Wahanafi na Wamaliki wamegeuza majina, kwao maskini ndiye aliye chini zaidi. Haidhuru. Kwa pande zote mbili, wote wawili wanapewa.

Sasa mrudie yule mvuvi wetu. Tuseme nyumba yake ya watu saba inahitaji shilingi 20,000 kwa siku: unga, mboga, mafuta, sabuni, nauli za shule, na kibaba cha dharura. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, anapata. Kusi inapokaza, Juni mpaka Agosti, ngalawa inakaa pwani siku tatu, siku nne, matanga yamefungwa. Ukichanganya siku njema na siku mbovu, ukatoa ukarabati wa nyavu na mafungu ya wenzake, inamwangukia wastani wa 14,000. Saba katika kumi. Ni maskini kama ilivyo katika Kahf, herufi kwa herufi, na chombo chake hakimtoi katika fungu hilo. Kukiuza ili "astahiki" kungekuwa kumshusha kutoka saba mpaka sifuri.

Hali kadhalika nyumba anayoishi, nguo zake, vyombo vya jikoni, na zana za kazi. Wanazuoni wa zamani walitaja hata vitabu vya mwanachuoni. Leo mimi huongeza pikipiki ya bodaboda na simu anayopigiwa na wateja. Kisichovumilika ni ziada: kiwanja cha pili kinachosubiri kupanda bei, au akiba iliyolala wakati mwenyewe anapokea zaka za watu.

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuwaambia masahaba kwamba maskini hasa si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili, tende moja au mbili. Maskini ni yule asiyepata cha kumtosha, hali yake haigunduliki ili apewe, na yeye mwenyewe hasimami kuomba. Na aya ya 273 ya Sura ya Baqara inawazungumzia mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia.

Ombaomba wa taa za barabarani anaweza kuwa na haki, sisemi hana. Ila yeye umeshamwona.

*Kwa ufupi:* usiulize mtu ana nini. Uliza anahitaji ngapi, anapata ngapi, na baina yake pana pengo gani.

Apewe kiasi gani?

Hapa ndipo mazoea yetu yalipojitenga mbali na vitabu vyetu wenyewe.

Wamaliki na Wahanbali husema fakiri apewe cha kumtosha mwaka. Washafii wakaenda mbali zaidi: apewe kitakachomtosha umri wake wa kawaida. Maana yake si kumjazia gunia la fedha. Mwenye ufundi hupewa zana za ufundi wake, mfanyabiashara hupewa mtaji wa biashara anayoijua, na asiyeweza kazi hutafutiwa kitu cha kumwingizia. Vitabu vya Kishafii vimefika hadi kupanga ngazi ya mitaji kwa dirhamu za zama zile: muuza mboga dirhamu 5, muoka mikate 50, na mambo yakapanda hivyo mpaka muuza vito, dirhamu 10,000. Muuza vito aliyeanguka naye alihesabiwa. Walikuwa wakifikiria mtu asimame tena pale alipokuwa amesimama.

Ipige hesabu foleni ya Ijumaa kwa mizani hiyo. Watu mia, elfu mbili kila mmoja, ni shilingi 200,000. Kwa fedha hizo hizo, mama mmoja wa maandazi anapata mfuko wa unga, dumu la mafuta, karai na mkaa wa siku za mwanzo. Mwakani hayupo foleni. Mwaka wa tatu huenda akawa mwenye kutoa zakatulfitri ya watoto wake.

Msomi wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada na maisha, atanikumbusha kwamba asili ya Kishafii inamtaka mwenye mali agawe kwa makundi yote yanayopatikana, na watatu kwa uchache katika kila kundi. Ni kweli. Lakini Ibn Ujayl, mwanachuoni wa Yemen wa karne ya 13, alitaja mambo matatu ya zaka ambayo fatwa hutolewa kinyume cha asili hiyo: kuipeleka zaka mji mwingine, kulipa kundi moja, na kumpa mtu mmoja. Madhehebu mengine yalikuwa yameshayaruhusu hayo mawili ya mwisho. Masheikh wa kwetu wameitegemea kauli yake kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mwenye zaka ndogo. Laki mbili ukizichana vipande ishirini na nne, hukumsaidia mtu yeyote.

Jambo moja la utendaji. Zaka ni kumilikisha: fedha inakuwa mali ya mpokeaji. Mpe mkononi. Akikuomba mwende pamoja dukani kuchagua cherehani, nenda. Usimnunulie wewe usichojua kama anakitaka, ukampigia picha akiwa amekikumbatia. Tena hulazimiki kumwambia kwamba ni zaka. Nia ni yako na Mola wako, na yeye asikie tu kwamba ndugu amemletea haki yake.

Mwenye nguvu zake

Katika Hija ya Kuaga watu wawili walimjia Mtume wakiomba katika zaka. Akawatazama juu mpaka chini, akawaona ni wenye miili imara. Akawaambia wakitaka atawapa, ila tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu anayeweza kuchuma.

Kijana mzima anayekaa kijiweni na kukataa kazi halali inayomfaa hana haki. Kijana mzima aliyezunguka na bahasha mjini miezi sita asipate kazi ana haki, kwa sababu nguvu isiyopata pa kufanyia kazi haimlishi mtu. Kazi yenyewe iwe inayolingana naye, isiwe ya kumvunjia heshima. Mwanafunzi wa elimu ya dini ambaye kazi ingemkatisha masomo hupewa. Lakini aliyeacha kazi ili ashinde msikitini akifanya ibada za sunna, vitabu vya Kishafii vimesema wazi kwamba hapewi. Nimewaona watu wakikasirika kwa hukumu hii. Mimi naiona ni ya uadilifu sana: elimu ya mmoja inawafaa wengi, na sunna ya mtu ni faida yake.

Mama, shangazi na sharifu

Kanuni ya jamaa ni rahisi kuikumbuka: unayelazimika kumlisha, usimlishe kwa zaka. Ukimpa zaka mama yako fakiri, umejipunguzia deni lako mwenyewe. Ni kama umetoa mfuko wa kulia ukatia mfuko wa kushoto.

Wasiopewa na mwenye zaka kwa jina la ufakiri ni:
- baba, mama, babu na bibi wanaomtegemea;
- watoto na wajukuu walio juu yake;
- mke wake.

Wengine milango yao i wazi: kaka, dada, shangazi, mjomba, ami, binamu, mkwe. Hawa ni bora kuliko mgeni, kwani unapata thawabu ya zaka na ya kuunga udugu. Dada wa yule muulizaji wa barazani basi anapewa, ikiwa kipato cha mume hakifiki kumi yao.

Na mke mwenye mali je, aweza kumpa mume fukara? Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud, alikwenda mwenyewe kuuliza. Alimkuta mlangoni mwanamke mwingine mwenye haja kama yake, wakamtuma Bilali awaulizie. Jibu likarudi kwamba wana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Washafii wakachukua hapo ruhusa, kwa kuwa mke halazimiki kumlisha mume. Mwalimu wa sekondari ambaye mumewe amepunguzwa kazini asione haya. Tena hapa hahitaji kutafuta mlango wa mbali.

Jambo la masharifu linahitaji adabu na ukweli kwa pamoja. Jamaa wa Mtume, Banu Hashim na, kwa Washafii, Banu Muttalib, hawapokei zaka. Hasan alipokuwa mtoto alitia mdomoni tende ya zaka na Mtume akamtaka aitoe. Katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Unguja na Ngazija, kuna nyumba nyingi za masharifu, na nyingine zina dhiki inayofichwa na kilemba safi. Zamani walikuwa na fungu lao katika khumsi, yaani sehemu ya tano ya ngawira. Fungu hilo leo halipo. Wako wanazuoni, al-Istakhri miongoni mwa Washafii wa mwanzo, waliosema kwamba wakinyimwa hilo basi zaka inawafaa. Rai mashuhuri ya madhehebu imebaki katika kukataza. Ukimjua sharifu mwenye shida, mpelekee zawadi na sadaka yako ya hiari, tena iwe nono. Kumwacha na njaa kwa kisingizio cha utukufu wake si heshima.

Yatima, ustadhi na dada wa kazi

Hawa watatu hawamo katika ile orodha ya wanane. Irudie uone.

Yatima anapewa akiwa fakiri au maskini. Aliyeachiwa na marehemu baba yake maduka mawili hana fungu, ana msimamizi wa mali. Mjane ni vivyo hivyo. Huruma yetu hukimbilia neno, na sheria inauliza hali.

Ustadhi wa madrasa ndiye anayeniuma zaidi. Katika mitaa mingi watoto themanini wanasoma kwa mwalimu mmoja, wazazi hawalipi ada, na mwisho wa mwaka kamati inachota zaka na kumlipa kama mshahara. Hilo halifai. Mshahara ni haki ya kazi, na wanaodaiwa ni wazazi. Kama ustadhi ni maskini, na wengi wao ni maskini, apewe zaka kamili kama maskini, na mshahara wake ulipwe pia. Kumpa kimoja kwa jina la kingine ni kumdhulumu mara mbili.

Dada wa kazi za nyumbani naye. Mara nyingi ndiye mtu mwenye haki aliye karibu nawe kuliko wote: anatuma fedha kijijini, ana mama mgonjwa, mtoto wake analelewa na bibi. Mpe. Ila isiwe badala ya mshahara uliochelewa, wala ile nyongeza uliyomwahidi Shaabani, wala kitu cha kumfanya aone haya kuondoka. Ukihisi ndani ya nafsi yako kwamba fedha hiyo inakununulia kitu, basi zaka yako bado iko mfukoni.

Daftari la duka

Wenye madeni ni kundi ambalo zama hizi limefurika. Wanaingia humo aliyekopa kwa haja halali akashindwa kulipa, na aliyebeba deni ili kupatanisha watu waliokuwa karibu kumwagana damu. Huyu wa pili hupewa hata akiwa tajiri, ili watu wema wasiogope kusuluhisha. Aliyekopa kwa maasi hapewi mpaka atubu.

Mitaani Tanzania ipo mikopo ambayo watu wameipa jina lake lenyewe: kausha damu. Mwanamke anachukua laki moja mtoto akiwa hospitali, anarejesha kila siku au kila wiki, na akichelewa wanabeba televisheni, magodoro, hata sufuria. Ukimtazama juu juu ana genge la nyanya na anachangamka. Ukimpigia hesabu ya kumi, kumi zinaingia na sita zinabebwa. Njia iliyo salama ni kumlipia msingi wa deni, na wakati huo huo wazee wa mtaa wakae na mkopeshaji kuhusu riba, ili zaka isigeuke chakula cha riba.

Mwenye duka naye ana swali lake, na huuliza kwa nia njema: "Mama fulani ananidai... samahani, namdai elfu themanini tangu mwaka juzi. Nikimfutia, si ndiyo zaka yangu?" Kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa Washafii, haisihi. Hakuna kitu kilichotoka mkononi mwake kikaingia mkononi mwa yule mama. Deni lililokwama amelihesabu kama fedha. Ampe elfu themanini bila sharti. Yule mama akiamua mwenyewe kuja kulipa deni, ni halali kupokea. Akiamua kununua mchele, mchele ulikuwa unahitajika zaidi. Na kama anataka kufuta, afute, itakuwa sadaka kubwa. Zaka yake aitafutie njia nyingine.

Makundi matano yaliyobaki

Haya nayapita kwa haraka zaidi, ingawa moja litanizuia.

Watumishi wa zaka ni wale waliowekwa na mamlaka ya Waislamu kukusanya na kugawa. Wanapata ujira wa kazi, hata wakiwa matajiri, na si zaidi. Mtume alimtuma mkusanyaji mmoja, Ibn al-Lutbiyya, akarudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume alipanda mimbari kulikemea hilo. Aliyejiteua mwenyewe na kitabu cha risiti hana fungu.

Wanaotiwa nguvu nyoyo zao kwetu ni hasa waliosilimu karibuni, ambao wengine hufukuzwa nyumbani siku wanayotangaza. Sayyidna Umar aliwazuilia wakuu wa makabila, kina Uyayna bin Hisn, kwa kuona Uislamu hauhitaji tena kuwavuta, na Wahanafi wakasema fungu hilo limekwisha. Washafii wamelibakisha kwa Waislamu wapya.

Asiye Mwislamu, kwa wanazuoni walio wengi, hapewi katika zaka ya lazima. Nalisema wazi kwa sababu baadhi ya watu hulifanya sababu ya kumfungia mlango jirani. Kwake kuna sadaka, na mali ya mtu anayetoa asilimia 2.5 imebaki na 97.5.

Fungu la watumwa linanizuia. Lilikusudiwa hasa mtumwa aliyeandikiana na bwana wake kujinunua kwa mafungu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mwambao wa Kenya 1907, Tanganyika 1922, na ulipoondoka ulikuwa umesukumwa na wageni. Miaka yote hiyo aya hii ilisomwa misikitini mwetu, ikiwa na fungu zima la zaka kwa ajili ya shingo zilizofungwa. Natamani wazee wetu wangelitoa fungu hilo kwa wingi hadi soko lijifie lenyewe. Leo wapo wanazuoni wanaoliegemeza kwa mateka.

Katika njia ya Mwenyezi Mungu, kwa Washafii, ni wapiganaji wa kujitolea wasio na mshahara. Karne ya 20 Yusuf al-Qaradawi na wengine walipanua maana iingie kazi ya kuueneza na kuutetea Uislamu kwa elimu na kalamu. Ila wanazuoni wa madhehebu manne kwa jumla hawakuruhusu zaka ijenge msikiti au ichimbe kisima. Vitu hivyo vina mlango wake, wakfu. Kamati nyingi za ujenzi hazipendi kuyasikia haya.

Msafiri aliyekatikiwa hupewa cha kumfikisha kwao, hata kama kwao ana mali, safari ikiwa halali. Kijana aliyeibiwa begi na simu pale kituo cha mabasi cha Magufuli ni mfano mzima. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na mitandao mingine kufuata, wengi wanaokwama huhitaji zaidi simu ya kuazima kuliko nauli. Muulize kwanza kama yuko mtu wa kumtumia.

Anza na wenye kujua

Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen, Mtume alimwagiza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafakiri wao. Ndiyo asili ya kuigawa pale pale mali ilipo. Wa kwetu walioko Muscat, London au Minneapolis huuliza kama wanaweza kutuma nyumbani. Ile fatwa ya Ibn Ujayl inawafungulia, hasa panapokuwa na jamaa wenye dhiki. Wasiwasahau tu mafakiri wa mji wanaochumia.

Zama za Umar, yule yule Muadh alimpelekea Madina theluthi ya zaka ya Yemen. Umar hakupendezwa, akasema hakumtuma kuwa mtoza kodi. Muadh akajibu kwamba hakupata wa kumpa. Mwaka wa pili akapeleka nusu, wa tatu yote, na jibu likawa lile lile. Ili mtu aseme hakupata wa kumpa, lazima awe ametafuta nyumba kwa nyumba.

Kwetu wanaojua wapo. Mwenye duka anajua nani siku hizi ananunua mafuta ya kupima ya mia mbili na zamani alichukua chupa. Mwalimu mkuu anajua mtoto gani hukaa darasani wakati wa uji. Nesi wa zahanati anajua nani amepewa cheti cha dawa hakurudi nacho. Kaa nao kabla Shaabani haijaisha, uwaulize kwa siri, andika majina matano, upige hesabu ya kumi ya kila mmoja.

Na kama unaishi pwani, katikati ya kusi amka alfajiri uende dikoni. Usiulize nani maskini hapa, maana hakuna atakayeinua mkono. Tazama mchanga. Chombo kinachoshuka kila siku kina alama ya kuburutwa mpaka majini. Kile ambacho mchanga umekijaa ubavuni, na nyavu juu yake zimekauka, uliza ni cha nani, na anakaa nyumba gani.